Mnampeleka Shamba, Naye Katoka Huko

Yuko mhubiri mmoja, jina lake silijui wala sijaona haja ya kulijua, ambaye amejifanyia mimbari pembezoni mwa kituo cha matatu cha Muthurwa hapa Nairobi, mahali pale ambapo wachukuzi wa viazi kutoka soko la Marikiti hukutana na abiria wa Kayole wakatukanana. Naye ana kipaza sauti kikubwa kuliko elimu yake, na juma lililopita, nilipokuwa nimekwama ndani ya gari lisilotaka kuondoka mpaka kiti cha mwisho kipate mtu, alinilazimisha kusikiliza waadhi wake tangu Mwanzo hadi Ufunuo. Nilivumilia habari za mavazi ya wanawake, nikavumilia habari za sadaka, lakini alipofika kwa wanaume wanaopendana na wanaume subira yangu ilikatika, si kwa sababu alitaja moto wa Jahanamu, ambao ndio bidhaa yake na ana haki ya kuutangaza, bali kwa sababu ya tiba aliyoitoa. Alisema kwamba maradhi hayo ni ya Nairobi. Kwamba mashambani, penye hewa safi na jembe na ng'ombe, hayako wala hayajapata kuwako. Na kwamba mzazi mwenye kijana wa namna hiyo ampakie basi, ampeleke kwa babu yake akalime, na kabla mahindi hayajatoa mbelewele atamwona mwenyewe akitafuta mchumba. Gari zima likaitikia amina. Kondakta naye, ambaye wakati huo alikuwa akimwongezea mama mmoja nauli kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza kunyesha, aliiacha dhulma yake kidogo ili apige makofi.

Juu ya nauli za mvua ningependa kuandika makala nzima, maana sijapata kumsikia mhubiri yeyote akililaani jambo hilo, ijapokuwa ni wizi wa mchana, unatendwa hadharani mbele ya askari, na wanaoibiwa ni maskini wa Mungu waliotoka kibaruani. Lakini leo nimejifunga kwa jambo moja, nami nitajitahidi kulishika. Mhubiri yule hakubuni kitu. Alilolisema huzungumzwa katika baraza za wazee, katika vikao vya harusi, na katika hotuba za wanasiasa kila wanapokosa la kusema juu ya bei ya unga: ya kwamba kijiji ni maji safi na mji ni tope, na kwamba mwanamume kumpenda mwanamume mwenzake ni tope lililomrukia mtu alipokuwa akipita njia.

Basi nina swali moja, nami nitalirudia hata mlichukie. Kijana huyo alifikaje Nairobi? Nendeni kituo cha mabasi cha Machakos, hatua chache tu kutoka hapo mhubiri anapopigia kelele, alfajiri kabla taa hazijazimwa, mkayaone mabasi yaliyokesha njiani kutoka Busia na Bondo na Kitale yakimwaga watu wake. Kijana hushuka na gunia la mahindi, kuku aliyefungwa miguu kwa kitambaa, na karatasi yenye nambari ya simu ya binamu anayekaa Kariobangi. Umri wake ni miaka kumi na tisa, au ishirini. Amebatizwa huko, ametahiriwa huko, amechunga mifugo ya baba yake huko, na ikiwa moyo wake wamwelekea mwanamume basi ulianza kumwelekea huko huko, siku aliposimama mtoni pamoja na kijana wa jirani, debe lake limekwisha kujaa, wala asijue kwa nini hana haraka ya kurudi nyumbani. Lafudhi yake mnakubali kwamba ni ya kwao. Dhehebu lake ni la kwao. Woga wake wa bundi ni wa kwao. Ila hili moja mwataka kuniaminisha kwamba aliliokota katika barabara ya Landhies, baina ya ganda la ndizi na tiketi iliyotupwa. Nairobi haina wenyeji wa kuisingizia. Kabla ya reli kufika hapa 1899 palikuwa na kinamasi na mto wa maji baridi ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe wao, na tangu hapo kila aliyeongezeka, ama yeye ama mzazi wake, ameletwa na garimoshi au basi kutoka katika hayo mashamba mnayoyasifu. Mji ambao watu wake wote wametoka shamba utaipata wapi tabia ambayo shamba haliijui?

Mimi nimelelewa katika nyumba za reli za Muthurwa, baba yangu akiwa mtu wa Mombasa aliyehamishiwa bara kikazi, kwa hiyo naomba nisisomeshwe habari zake na mtu aliyekuja juzi. Wakoloni walipowajengea wafanyakazi wao Waafrika makazi mjini, walimhesabu Mwafrika kuwa ni mwanamume asiye na mke wala mtoto, aliyekuja kuazimwa nguvu zake na kurudishwa kwao akishazeeka. Wakampa chumba, hawakumpa nyumba, na katika chumba hicho walilala wawili, watatu, na pengine wanne, miaka nenda miaka rudi, wakipikiana ugali juu ya jiko moja na kufuliana ovaroli zenye mafuta ya garimoshi. Sasa, ikiwa mji huambukiza, pangekuwa na mahali gani pa kuambukizana kupita hapo? Mababu zenu wote waliovuta mataruma na kuchochea makaa wangalirejea vijijini wakiwa hawana haja na wake zao, nanyi mnaopiga makofi ndani ya matatu msingezaliwa. Walirejea, wakazaa watoto tisa tisa. Wachache hawakuoa, na hao wachache walikuwa hivyo walivyo tangu walipoagana na mama zao. Ama yako maovu ya Muthurwa ambayo ni ya Muthurwa kweli, wala hayakuletwa na basi: wapangaji wa nyumba hizo hizo walianza kufukuzwa 2010 hata shauri lao likafika Mahakama Kuu, na lile soko lililofunguliwa jirani 2008 ili wachuuzi waondoke mabarabarani limejaa pomoni, na mabarabara nayo yamejaa vile vile, na tope la baina ya hayo mawili humfika mtu magotini. Juu ya hayo kipaza sauti hakina betri.

Linaloniudhi zaidi ni jinsi kila kabila, kila mkoa na kila dini inavyolisukumia jambo hili kwa jirani. Nilipoanza kazi, wenzangu wa bara waliniambia kwa kicheko kwamba hayo ni mambo yenu watu wa Mombasa. Nikaenda Mombasa kwa shangazi zangu, nikaambiwa kwa uchungu kwamba pwani ilikuwa na murua wake mpaka watalii walipoivamia Malindi na Mtwapa. Mwenye kijiji humsingizia mwenye mji, mtu wa bara humsingizia mtu wa pwani, mtu wa pwani humsingizia Mwarabu, na wakikosekana wote hao yuko Mzungu, ambaye mgongo wake ni mpana. Februari 2010, huko huko Mtwapa, kwa uvumi tu kwamba wanaume wawili wataoana, umati ulikizingira kituo cha afya na watu wakapigwa. Harusi haikuwako, bwana arusi hakuwako, ila kipigo kilikuwako. Kama kuna kitu katika kadhia hii ambacho twaweza kuonyesha tarehe ya kushuka kwake bandarini, ni sheria yenyewe, ambayo asili yake iliandikwa na Waingereza kwa ajili ya Wahindi 1860, ikaja kwetu na watawala hao hao, ikatiwa katika kanuni ya adhabu ya 1930, na hadi leo yaahidi kifungo cha miaka 14. Walioipinga walishindwa katika Mahakama Kuu tarehe 24 Mei 2019. Lakini hoja hiyo wameisema wengi, na mawakili hulipwa kuisema, nami naipita.

Afadhali nimkumbushe mhubiri historia ya dini yake. Kila tarehe 3 Juni mahujaji kwa maelfu, na Wakenya tele miongoni mwao, wengine kwa miguu, hukusanyika Namugongo kuwakumbuka mashahidi wa Uganda waliochomwa moto 1886. Waliuawa kwa kosa gani? Mimi nilisoma shule ya misheni, nikafundishwa na mapadri wenyewe kwamba miongoni mwa mambo yaliyomtia ghadhabu Kabaka Mwanga ni kwamba wahudumu wa ikulu yake, walipokwisha kuingia dini, walimkatalia haja ya mwili. Simsifu Mwanga. Mtawala anayemlazimisha aliye chini yake ni dhalimu, awe amemlazimisha mwanamume au mwanamke, na waliokufa kwa kumkatalia wana heshima yangu yote. Nauliza tu, Mwanga aliambukizwa wapi? Aliishi Nairobi, mji ambao ulikuwa haujazaliwa? Alisoma London? Alikulia katika nchi ya migomba, na safari yake ndefu ya ng'ambo ilikuwa ile ya kuhamishwa kwa nguvu na Waingereza hadi Shelisheli 1899, ambako alibatizwa jina la Danieli, akafa 1903; maana yake ni kwamba Mzungu alipompata Mwanga, alichompa ni ubatizo. Mhubiri hawezi kujivunia mashahidi mwezi wa Juni, kisha miezi kumi na mmoja iliyobaki atuambie kwamba jambo lile Afrika haikupata kulisikia. Achague moja.

Iko na ile hoja ambayo wenye kujiona wasomi huitoa mwisho, wakaegemea kiti wakisubiri unyamaze: hata wanyama hawafanyi hayo. Hoja hiyo ilikuwa na siha njema hadi Novemba 2017, zilipoenea picha za simba wawili madume wa Maasai Mara walioonekana katika hali ya mahaba. Na mkuu wa Bodi ya Uainishaji wa Filamu wa zama hizo, Ezekiel Mutua, akanukuliwa magazetini akisema kwamba simba hao wahitaji ushauri nasaha, na kwamba yamkini walikuwa wameiga watu wa tabia hiyo waliokwenda mbugani na kufanya yasiyofaa. Nimejaribu kuisaidia hoja hii isimame na nimeshindwa. Simba yule hana simu, hajapanda matatu, hajui Muthurwa iko wapi, na makazi yake ni mashambani kupita mashamba yote ya wanadamu. Kwa kipimo cha mhubiri wetu hapakuwa na kiumbe aliye salama kuliko yeye. Kumbe asipofanya yeye ni shahidi, akifanya ni mgonjwa, na mgonjwa huyo naye ameambukizwa na watalii! Sijasikia ni mshauri gani aliyejitolea kwenda kukaa naye chini ya mti.

Bodi hiyo ndiyo iliyotupa, bila ya kukusudia, ithibati iliyo bora kuliko zote. 2018 iliipiga marufuku filamu ya Wanuri Kahiu iitwayo Rafiki, habari za wasichana wawili wa mitaa ya Nairobi, mpaka mahakama ikairuhusu ionyeshwe kwa siku saba. Na waungwana wengi walitikisa vichwa wakasema, mwaona, mambo ya mjini hayo. Vema. Septemba 2021 bodi ikaipiga marufuku nyingine, I Am Samuel, ya mwongozaji Peter Murimi, ambayo si hadithi ya kutungwa bali ni maisha ya mtu aliyefuatwa na kamera kwa muda wa miaka mitano. Na mtu huyo ni nani? Ni mtoto wa mkulima. Amezaliwa na kulelewa shambani, baba yake ni mhubiri wa kanisa la kijijini, na wazazi wake, kama wazazi wa kila kijiji, wamemngoja alete mke na wajukuu. Alikwenda Nairobi kutafuta maisha kama tulivyokwenda sote, akampata mwenzake huko, na filamu yenyewe ni mwendo wa kwenda na kurudi baina ya chumba cha mjini na boma la wazazi, huku kijana akitafuta namna ya kuwa mtoto mwema kwa baba yake na mpenzi mwaminifu kwa mwenziwe kwa wakati mmoja. Bodi ilisema kwamba filamu inakusudia kuipendekeza ndoa ya wanaume kuwa jambo la kawaida. Mimi, na nilikoitazamia ni siri yangu, sikuona ushawishi wowote. Niliona mapenzi ya upole, na mzee aliyetatizika, na shamba. Na nadhani shamba ndilo lililoudhi. Wale wasichana wa Rafiki waliweza kutupiwa mjini wakasahauliwa, lakini huyu amesimama juu ya ardhi ile ile ambayo mhubiri wa Muthurwa ameiandika kuwa dawa, naye ni mtoto wa mhubiri.

Kijana huyo alifikaje Nairobi? Nimesema nitalirudia. Marehemu Binyavanga Wainaina, mwandishi mzaliwa wa Nakuru, alipojitangaza Januari 2014, aliandika kwamba alikuwa amejijua tangu akiwa na umri wa miaka mitano, nami nikasikia watu wazima wenye shahada wakieleza kwa utulivu kwamba aliharibikia Afrika Kusini alikokwenda kusoma chuo kikuu. Mtu anakupa umri, anakupa nchi, anakupa ushuhuda wa nafsi yake, nawe wamjibu kwa jina la mji! Alifariki tarehe 21 Mei 2019, siku tatu kabla ya hukumu ile niliyoitaja, kwa hiyo hakuisikia.

Lakini hebu tuseme nimekubali. Tuseme shamba ni dawa. Je, mmepata kuuliza dawa hiyo ina nini ndani yake? Maana si hewa, wala si jembe. Jembe halijamwozesha mtu. Dawa hiyo ni binti wa watu. Mtaani kwetu palikuwa na kijana fundi wa kuchomelea vyuma, mpole, msafi, mwenye kuwasalimu wakubwa, ambaye jamaa zake walipopata fununu walimpandisha basi, wakamwekea mahari, wakamletea msichana aliyemaliza darasa la saba, na sherehe ikawa kubwa, na kila mtu akashukuru kwamba amepona. Aliishi naye muda wa kutosha kupata mtoto mmoja, kisha akarudi Nairobi kutafuta kazi, kwa maneno yake, na kazi ikawa haiishi. Yule msichana alibaki kwa mama mkwe. Alipalilia mahindi ya watu ambao si wake, akauguza wazee ambao si wake, akawa hawezi kuolewa kwa kuwa ameolewa, wala hawezi kusema ana mume kwa kuwa hana, na kila wifi aliyepita alimuuliza kwa nini ameshindwa kumzuia mumewe nyumbani. Nilimwona mara moja alipomleta mtoto mjini kumwona baba yake. Alikuwa amekaa juu ya begi lake nje ya karakana, hajaambiwa aingie, anamfuta mtoto vumbi la safari kwa ncha ya leso yenye mate. Nani alimhubiria huyu? Ni kipaza sauti gani kilichomtaja? Waliompeleka kijana shamba walijitia kumwokoa yeye, nao walimlipia kwa ujana wa mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Na hadi leo wazee wale huketi viti vya mbele kanisani. Nikisikia mtu akisema mpeleke nyumbani aoe, humuuliza hivi: binti yako yu wapi, tuanze naye? Hapo ndipo dawa hugeuka kuwa ghali, na mazungumzo yakahamia kandanda.

Sasa nieleze kijiji nilichokiona mimi kwa macho yangu, ambacho sitakitaja, kwa sababu ya ile miaka 14. Kiko magharibi mwa nchi, katika nchi ya Waluhya, mashamba yamekatwa vipande vidogo vidogo vya kurithiana, nami nilikwenda huko kumzika mtu tuliyefanya kazi pamoja. Nyumba ya marehemu ilijaa wageni, basi nikapewa malazi kwa wazee wawili majirani, mmoja fundi wa baiskeli, na mwingine mwenye majani ya chai kidogo na ng'ombe mmoja wa maziwa. Hawakuwa ndugu wa tumbo moja wala wa ukoo mmoja. Walianza kukaa pamoja mwaka wa ile njaa ya 1984, ili, kama alivyonieleza fundi, waunganishe akiba ya mtama. Mtama ulikwisha, wao wakabaki. Huyu wa chai alikuwa hajavuka Nakuru maisha yake yote. Fundi alifika Nairobi kwa ajili ya jicho, akalazwa, akatibiwa, na alipoulizwa ameuonaje mji alisema una kelele.

Walinichinjia kuku. Katika desturi ya watu wa huko firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mke hali, mtoto hali, na mgeni hapewi ila kwa heshima ya pekee, na yapo magomvi ya ndoa yaliyofikishwa kwa wazee kwa sababu ya kifirigisi kimoja kilichopotea jikoni. Nikawa natazama, nikiri udadisi wangu, kujua nani katika nyumba ile ataila. Mzee wa chai aliitoa katika mchuzi kwa kijiko, akaiweka juu ya kifuniko cha sufuria, akaikata kwa kisu cha kumenyea viazi. Vipande havikuwa sawa. Akavitazama, akamsogezea mwenzake kile kikubwa, na mwenzake akakisukuma, naye akakirudisha, bila ya yeyote kati yao kukatiza mazungumzo tuliyokuwa nayo juu ya bei ya majani. Mwishowe kilipewa mimi.

Kesho yake, kabla ya mazishi, nilikaa karibu na karani wa kamati ya matanga, kijana mwenye daftari la mistari na kalamu iliyofungwa uzi, anayeandika michango ya kila nyumba: jina la baba mwenye nyumba, kiasi, alama. Nikaona majina ya wale wenyeji wangu wawili yameandikwa katika mstari mmoja, yameunganishwa kwa na, na mbele yake kiasi kimoja cha nyumba moja. Nikajifanya mjinga. Nikamwambia, mwanangu, hawa ni watu wazima wawili, kila mmoja ana kazi yake, mbona umewatoza mchango mmoja? Akanitazama kama atazamavyo mtu aliyepotezewa wakati.

"Mzee, hao wanapika chungu kimoja tangu sijazaliwa. Nikiwatoza mara mbili watanipeleka kwa chifu, na chifu atasema wana haki." Akafunua ukurasa wa pili, akashuka na kidole. "Wewe ndiye mgeni wao wa Nairobi? Naona jina lako hapa halina alama."

Nikatoa pochi.